Nuru Inatoka Wapi?

Leo nazungumza na kijana aliyepakua programu ya kuchorea kwenye simu yake, akafungua ukurasa mweupe, brashi zikajipanga mbele yake mia na ushei, na sasa hajui aanze na ipi. Mzazi wake naye asiende mbali. Mama, baba, mnamwona kainamia simu tangu magharibi, mnadhani ni ile michezo ya kurushiana risasi. Huenda anahangaika na pua. Pua ni kazi ngumu, mwacheni kidogo.

Swali la kwanza la kila anayeanza ni vifaa: ninunue nini? Nitalijibu mbiombio, maana kwa maoni yangu linakuzwa kuliko linavyostahili. Mwenye simu janja ana ibisPaint, programu ya Kijapani isiyolipiwa, ila uvumilie matangazo. Mwenye kompyuta ana Krita, ya bure kabisa, inayoendelezwa kwa kujitolea na kwa michango ya watumiaji. Wenye iPad wana Procreate, ambayo unailipia mara moja basi. Kalamu inayohisi mkono inasaidia: ukikandamiza mstari unanenepa, ukilegeza unakonda. Kidole hakina ufundi huo, lakini kwa miezi ya mwanzo kinatosha, na wako vijana wanaochora nyuso kwa kidole ukabaki mdomo wazi. Ile tableti isiyo na skrini, inayokaa mezani huku macho yako yakiwa kwenye kompyuta, itakusumbua mwanzoni kwa sababu mkono uko huku na jicho liko kule. Usiiuze. Mkono utazoea. Vifaa nimemaliza.

Mstari nao una adabu zake. Kwenye tableti, mstari mrefu uvute kwa mkono mzima kutoka begani. Kwenye simu, kuza ukurasa uchore kipande kwa kipande. Na liko zoezi moja la kale ambalo bado silioni mpinzani wake: kaza macho kwenye kitu unachokichora, usitazame ukurasa hata mara moja, kalamu ifuate ukingo wa kitu taratibu kadiri jicho linavyotembea. Kimon Nicolaides, mwalimu wa uchoraji wa Marekani, alilipa nafasi ya mwanzo katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1941, yeye akiwa amekwisha kufariki. Mchoro utakaopata utakuwa kituko. Haidhuru, kinachofundishwa pale ni jicho.

Kuna na kile kitufe cha kurudi nyuma, kinachofuta ulichokichora sekunde iliyopita. Kinawaharibu wengi. Mtu anachora mstari wa shavu, anaufuta, anauchora, anaufuta, saa nzima inapita na shavu hakuna. Mwenye penseli na daftari hana anasa hiyo, ndiyo maana nawashauri wenye simu wasiliache daftari.

Sasa tuje kwenye kiini. Nikitazama michoro ya wanaoanza, mara nyingi mistari si mibaya. Uso una uwiano, macho yamekaa mahali pake. Kisha mchoraji anafika kwenye kivuli. Anachagua brashi laini ya kupuliza, anachukua nyeusi, anazungusha weusi pembezoni mwa uso, tena pembezoni mwa pua, tena chini ya midomo, katikati anaacha peupe. Uso unavimba kama mto wa kulalia. Mwulize: nuru inatoka wapi? Anakutazama tu. Hajawahi kujiuliza. Kwake kivuli ni pambo linalotiwa mchoro ukishakwisha. Kumbe kivuli kinabeba habari: taa iko upande gani, kitu kina umbo gani, kimekaa juu ya nini. Ukikitia bila kujua nuru inakotoka, umetia habari za uongo.

Kwa hiyo kabla hujagusa brashi, amua. Chora jua dogo kwenye kona ya ukurasa, kwenye tabaka lake pekee (tabaka ni kama karatasi angavu inayolazwa juu ya mchoro) ili ulifute baadaye, na mshale wa kuonyesha mwanga unakoelekea. Waliobobea wanafanya hivyo kichwani. Wewe fanya kwa mkono.

Na darasa lenyewe halina ada. Usiku, zima taa, au subiri umeme ukatike, jambo ambalo nalo halitukawii. Chukua yai la kienyeji lenye ganda jeupe, liweke mezani juu ya karatasi nyeupe. Washa tochi ya simu, iegemeze kwenye kikombe, iwe juu kidogo ya yai na upande wa kushoto. Kaa. Usichore bado.

Upande wa tochi ganda ni jeupe kabisa. Ukilifuata yai kuelekea kulia weupe unapungua, unakuwa kijivu chepesi, kisha unafika mahali ambapo yai linaipa tochi kisogo. Hapo pana ukanda wa giza unaoshuka kwa kujipinda. Wengi hudhani giza litazidi kukolea mpaka ukingoni. Halizidi. Ukiuvuka ule ukanda, karibu na ukingo wa chini wa kulia, yai linang'aa tena kidogo. Nuru hiyo haikutoka kwenye tochi moja kwa moja; imegonga karatasi, ikarudi juu. Chini kabisa, pale yai linapogusa karatasi, pana mstari mwembamba ulio mweusi kuliko mahali pengine pote, kwa sababu hapo mwanga hauna pa kupenya. Kutoka hapo kivuli kinalala mezani: karibu na yai ukingo wake ni mkali, na kadiri kinavyokwenda mbali unalainika. Sasa ondoa karatasi, tandika kanga nyekundu. Tumbo la yai linageuka jekundu. Badilisha, weka ya kijani, nalo linafuata.

Nuru hii ya kurudishwa mnaijua siku zote, mmeitazama mara nyingi. Mwezi unapoandama watu tunakwenda ufukweni, wengine wanapanda juu ya paa kuutafuta. Jioni ya pili au ya tatu, hilali ikiwa bado nyembamba na anga ni safi, mnaiona na ile sehemu nyingine ya mwezi, mviringo wa kijivu hafifu. Jua halipigi pale. Leonardo da Vinci, mapema karne ya 16, alieleza kwamba ile ni nuru ya jua iliyoigonga dunia ikarudishwa mwezini. Alikuwa sahihi, ijapokuwa alizipa bahari sifa yote, ilhali mawingu ndiyo yanayorudisha sehemu kubwa. Mtu aliyechora Mona Lisa alikuwa akiutazama mwezi kwa jicho lilelile alilotazamia shavu.

Nuru hiyo ya kurudishwa isikupendeze ukaizidisha. Kwenye kitu cha rangi moja, mahali pangavu kuliko pote ndani ya kivuli bado pawe peusi kuliko mahali hafifu pa upande wa mwanga. Ukilivunja hilo, umbo linapasuka. Ili kujipima, finya macho mpaka uone ukungu. Mambo madogomadogo yanapotea, inabaki mipaka ya mwanga na giza. Programu nayo inasaidia: ongeza tabaka juu ya yote, lijaze nyeusi, kisha kwenye orodha ya hali za tabaka chagua ile iliyoandikwa Color. Mchoro wote unageuka wa kijivu bila kuharibika, na unaona kama vivuli vyako ni vivuli kweli au ni rangi za kupendeza tu. Lichore yai lako kwa ngazi tano za kijivu, zisizidi, na kwa brashi ngumu. Brashi laini ifungie kabatini kwanza. Ndiyo inayozaa zile nyuso za plastiki ambazo kila kitu ni laini, hakuna ukingo hata mmoja wa kulishika jicho.

Sasa tuliache yai, toka nje kwenye jua. Masomo mengi ya mtandaoni yanatoka Marekani, Japani, Korea na Ulaya. Ni mazuri, wala simkatazi mtu kumalizia bando lake huko. Lakini walimu wale wanachora jua la kwao. Mtu aliyesimama London saa sita mchana mwishoni mwa Desemba anaangusha kivuli kirefu zaidi ya mara tatu ya kimo chake. Dar es Salaam, siku za mwanzo wa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linapita utosini, kivuli kinajikunja chini ya miguu. Uso chini ya jua hilo ni uso mwingine. Paji na mgongo wa pua vinawaka, macho yanazama gizani, pua inaangusha kivuli juu ya mdomo, kidevu kinaifunika shingo. Na kama ni ufukweni, mchanga mweupe unarusha nuru kutoka chini, kidevu kinapata mwanga kisioutarajia. Ukimchora muuza madafu wa saa saba mchana, ukampa kivuli kirefu cha kulala upande, mtazamaji wa hapa ataona kuna uongo mahali hata kama hawezi kuutaja.

Waliosoma fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, wana kipimo cha kivuli tayari. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, wakati wa sala ya alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukijumlisha kile kivuli kidogo kilichokuwapo adhuhuri. Zile siku jua linapopita utosini, wakati huo linakuwa limeinama nyuzi 45 barabara. Kwa anayejifunza kuchora nyuso, hakuna saa bora kuliko hiyo na inayofuata. Nuru inaingia kwa ubavuni, shavu linatengana na pua, pua inatengana na mdomo, na mwanga wenyewe unaanza kuingia umanjano. Mtu anayechora saa sita mchana kisha akalalamika kwamba uso hauna umbo anajionea bure.

Ngozi. Hapa naomba tukae, maana hapa ndipo vijana wetu wengi wanapokwama.

Darasa la kawaida la mtandaoni linaanza na ngozi nyeupe. Paka rangi ya msingi, ongeza kivuli kilichokoza, mwisho kabisa dondosha nukta ya mng'ao kwenye ncha ya pua. Kijana wa Kisauni, Mombasa, au wa Tandale, Dar es Salaam, anamchora dada yake kwa kanuni hiyohiyo. Anachukua kahawia, kwenye vivuli anaongeza nyeusi, mwishoni nukta ya mng'ao. Uso unazimika. Anadhani hajui kuchora. Anajua, ila kanuni aliyopewa ilipimwa kwa ngozi nyingine.

Mambo yanakwenda hivi. Nuru ikiigonga ngozi, sehemu ndogo inadunda juujuu na kurudi palepale. Sehemu nyingine inaingia ndani, inatangatanga, kisha inatoka ikiwa imepata rangi ya ngozi. Ile inayodunda juujuu haitofautiani sana kati ya mtu na mtu, awe mweupe au mweusi. Ile inayoingia ndani ndiyo inayomezwa na melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, na sisi tunayo ya kutosha. Kwenye ngozi nyeupe nuru inayotoka ndani ni nyingi, mng'ao wa juu unapotelea humo. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao unajitokeza wazi. Kwa hiyo mzungu umbo lake hutangazwa zaidi na vivuli, na mtu mweusi umbo lake hutangazwa zaidi na mng'ao.

Usiniamini mimi. Rudi kwenye tochi yako, weka yai pembeni, nyoosha mikono miwili. Mmoja upake mafuta ya nazi kidogo, mwingine uache mkavu. Kwenye ule wa mafuta, juu ya vifundo vya vidole, unaona mng'ao mkali wenye mipaka. Kwenye ule mkavu ni ukungu mpana. Tikisa kichwa kushoto na kulia bila kusogeza mkono. Vivuli vimetulia, mng'ao unatembea, kwa sababu unategemea pia jicho lako lilipo. Kisha tazama rangi yake. Mng'ao haufuati rangi ya ngozi, unafuata rangi ya taa. Nje mchana, paji la mtu mweusi aliye kivulini lina ubuluu, kwa kuwa linaakisi anga. Chini ya balbu ya zamani lina umanjano. Mbele ya duka lenye taa ya kijani, lina ukijani. Mchoraji anayetia nyeupe tupu kila mahali anazikosa raha zote hizi.

Basi geuza mpangilio. Anza na kahawia ya kati, weka vivuli, kisha muda wako mwingi uupeleke kwenye mng'ao: paji, mfupa wa shavu, mgongo na ncha ya pua, mdomo wa chini, mtulinga. Tabaka la rangi ya ngozi likae chini, la vivuli juu yake, la mng'ao juu kabisa, na hayo mawili ya juu yafunge kwenye la chini ili rangi isimwagike nje ya uso.

Na kivuli usikitengeneze kwa nyeusi. Wenye kalamu, andikeni. Kila pikseli ya skrini hubeba namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Tuseme ngozi yako ina 120, 75 na 50. Weka juu yake tabaka la zambarau hafifu lenye 150, 130 na 200, na kwenye hali za tabaka chagua ile iliyoandikwa Multiply. Programu inazidisha namba kwa namba, kisha inagawa kwa 255. Unapata takriban 71, 38 na 39, yaani kahawia iliyokoza yenye wekundu na uzambarau kwa mbali. Ukitumia nyeusi, namba zote tatu zinashuka kwa uwiano uleule. Rangi ni ileile, imefifishwa tu. Namba hizo si msahafu. Kama kivuli kimeangukiwa na nuru ya kurudishwa kutoka ukuta wa chokaa au kanga ya njano, badilisha rangi ya tabaka, macho yakuongoze.

Angalieni pia picha mnazozinakili. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za picha za rangi zilipima usahihi wa rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley. Kodak ilitoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali miaka ya 1990 tu. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya katika albamu nyingi za zamani bwana harusi mweusi, akiwa ubavuni mwa shela jeupe, abaki meno na macho. Ukimchora babu yako kutoka kwenye picha hiyo utakuwa unachora upungufu wa filamu. Simu za siku hizi zina kosa la upande wa pili, vichujio vyake vya urembo vinapausha watu na kufuta mng'ao wote. Vizime kabla ya kupiga picha ya kuchorea.

Kuna msikilizaji atakayeniuliza: kwani kivuli ni lazima? Si lazima. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alipaka wanyama wake kwa rangi za mafuta za dukani juu ya hadibodi, rangi bapa, madoa na mistari, na dunia nzima ikamjua. Wachora katuni wa magazeti, walioishi na wino mweusi peke yake, walitengeneza giza kwa mistari inayokatana, na wewe unaweza kufanya hivyo leo kwenye simu kwa brashi nyembamba kuliko zote. Njia hizo ni halali. Ninachokataa ni mtu kuacha kivuli kwa kushindwa, kisha akasema ndio mtindo wake.

Muda umenitupa mkono. Kazi ya wiki hii ni hii. Jumapili, alasiri ikishaingia, mkalishe mzee mmoja wa nyumbani barazani, awe bibi, babu au shangazi, nuru impige ubavuni. Usimpige picha, mchore akiwa mbele yako, kwa simu au kwa daftari. Chora kwanza mipaka ya mwanga na giza, macho na midomo vifuate. Mwombe ruhusa kabla hujaanza, na ukimaliza mwonyeshe, hata kama pua imekushinda.